Kiputo na Jino la Mzee Wanyonyi

Jumatano, tarehe tisa Julai. Hapa Kitale kumeamka na ukungu, halafu manyunyu, halafu jua la dakika kumi la kutudanganya tuanike nguo, halafu mvua yenyewe. Sasa nguo ziko ndani juu ya viti, na mimi nimekaa katikati yake kama mtu aliyealikwa kwenye mkutano wa mashati.

Daktari Wambui ameniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaoanza kazi pale maabara yetu ya meno. Nilimwambia mimi niliishia darasa la nane, na hata hilo la nane sijui kama lilinishika vizuri. Akasema, "Mama Sitati, hawa wako na digrii, lakini hawajui kukaa na kiputo. Waandikie." Basi naandika. Pale nitakapokosea, ulizeni Daktari. Pale nitakapojisifu, kateni nusu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna watu ambao wakinywa maji baridi au chai ya moto, jino linawapigia kelele mpaka ndani ya sikio. Mara nyingi jino halijaoza. Ufizi umerudi nyuma, au mtu amepiga mswaki kwa hasira miaka mingi, na lile ganda gumu la juu limelika. Chini ya ganda kuna kitu kinaitwa dentini. Ifikirieni kama sega la nyuki: vijitundu vingi, vidogo kuliko unavyoweza kuona, vimejaa maji, na vinaenda moja kwa moja hadi kwa mshipa wa fahamu. Baridi ikigusa, yale maji yanasogea, na mshipa unapata habari. Kuna dawa za kupaka ili kuziba hivyo vijitundu, na kila anayetengeneza anasema yake ndiyo inaziba. Sisi tulikuwa watu wa kuuliza, ni kweli?

Mwanzoni tuliuliza watu wenyewe. Hilo lilikuwa kosa, ingawa sitaki kulaumu watu.

Tulikodi chumba Bungoma, karibu na soko. Kazi yangu ilikuwa kushika kibomba cha hewa, kupuliza jino upepo baridi kwa sekunde moja, halafu kuuliza: "Kutoka sifuri mpaka kumi, uchungu ni ngapi?" Sifuri ni hakuna kitu. Kumi ni ule uchungu wa kukufanya utaje jina la mama yako. Naandika namba kwenye fomu. Tunampa mtu dawa ya kupaka, anarudi baada ya wiki mbili, napuliza tena, naandika tena. Rahisi.

Wa kwanza siku hiyo alikuwa Mzee Wanyonyi, mkulima wa Matulo, amevaa koti la suti na gambuti. Alikaa, akafungua mdomo, nikapuliza. Mguu wake wa kulia uliinuka kutoka sakafuni wenyewe. Jicho la kushoto likatoa chozi, likateremka polepole mpaka kwenye kola.

"Ngapi, mzee?"

"Sifuri."

"Mzee, naona chozi."

"Hiyo ni upepo wako, mwanangu. Umepuliza vibaya, umefikia jicho."

"Nirudie?"

Akatupa jicho dirishani. "Rudia," akasema. Nikarudia. Mguu ukainuka tena. "Sifuri," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mwembamba.

Nje kwenye benchi walikuwa wamepanga foleni wanaume wa rika lake na wadogo zake, wanasikia kila kitu kupitia dirisha. Nyinyi mliozaliwa Bungoma mnajua tayari. Huyu ni mtu ambaye siku ya kutahiriwa alisimama wima mbele ya ukoo mzima, kisu kikapita, na hakupepesa jicho. Sasa aje atikisike mbele ya mama mmoja aliyeshika kibomba? Wanaume wote wa asubuhi ile walisema sifuri. Mmoja alisema sifuri kabla sijapuliza.

Kusema haki, wanawake nao hawakutusaidia sana. Mmoja aliniambia kumi na tano. Nikamweleza mwisho ni kumi. Akasema, "Kumi ni ya jino. Hiyo tano ni ya mwenye nyumba." Na tulipofanya zoezi lile lile Kitale, mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa heshima sana, aliniuliza, "Aliyenitangulia amesema ngapi?" Nikamwambia hiyo ni siri. Akasema, "Basi niandikie kama yake, sitaki kuonekana najidai." Mwingine aliniuliza kwa huruma, "Wewe ulikuwa unataka ngapi, mami?"

Mimi niliandika kila namba kama ilivyosemwa. Kwa Mzee Wanyonyi niliandika sifuri, halafu pembeni nikaandika kwa herufi ndogo: machozi, jicho la kushoto. Daktari Wambui alipoona alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa Mama Sitati, hii nitaiweka wapi kwa kompyuta?" Sikujua. Mpaka leo sijui. Lakini niliona si haki kuandika moja na kuacha nyingine.

Tulirudi Kitale na fomu zilizosema kwamba nusu ya wanaume wa Bungoma walikuja kutibiwa kitu wasichokuwa nacho, na baada ya wiki mbili za dawa bado hawakuwa nacho. Daktari akasema, "Tutatumia meno yaliyong'olewa. Jino peke yake halina aibu."

Hapo ndipo nilipokutana na Karanja.

Karanja alikuwa fundi wa saa. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kulima, yeye akakataa jembe, akafungua kibanda cha saa hapa mjini. Simu zilipokuja watu wakaacha kuvaa saa, na Daktari akamchukua kwa sababu ya mikono yake. Alinifundisha kazi yote, na alinifundisha bila kunitazama, maana jicho moja daima lilikuwa kwenye kile kioo cha kukuza.

Jino, alisema, lisikauke hata siku moja. Likikauka linapasuka na vijitundu vinajifunga vyenyewe. Liweke kwenye maji ya chumvi yenye dawa kidogo ya kuzuia uozo, chupa moja mtu mmoja, namba juu ya chupa na namba juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko vina tabia ya kutembea. Kisha unakata kwa kile kisu cha duara kinachozunguka polepole huku maji yanadondoka juu yake. Unachotaka ni kipande chembamba cha katikati, unene wa kadi ya laini ya simu. Juu sana utapata ganda, chini sana utapata shimo la mshipa. Unakisugua kwa msasa laini, unakichovya kwenye asidi hafifu ili vijitundu vifunguke, halafu unakibana katikati ya mipira miwili ndani ya kile kijumba cha plastiki. Juu kuna chupa ya maji imening'inizwa. Maji yanasukuma kupitia kipande cha jino. Na kwenye njia ya maji kuna mrija mwembamba wa kioo, na ndani ya mrija kuna kiputo kimoja cha hewa, na chini ya mrija kuna rula.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia kiputo.

Msicheke. Kiputo kikikimbia, vijitundu viko wazi. Unapaka dawa, unaosha, unabana tena. Kiputo kikienda polepole, dawa imeziba. Halafu unapiga kipande mswaki, halafu unakimwagia maji ya machungwa, uone kama ile dawa itabaki au itaomba ruhusa kwenda nyumbani. Dawa zenyewe zilikuja kwa herufi tu, A, B, C, na moja ilikuwa ya uongo, haina chochote, na hatukuambiwa ni ipi. Miaka yangu yote mimi niliangalia kiputo. Mume wangu, Baba Sitati, watu walipomuuliza mke wako anafanya nini, alikuwa anasema, "Yuko serikalini," na hiyo pia haikuwa kweli.

Mwezi wa kwanza niligundua jambo kubwa. Niligundua kwamba dawa B inafungua vijitundu badala ya kuziba, lakini saa nne asubuhi tu. Niliandika kurasa tatu. Daktari alizisoma kwa makini. Karanja alikuja akakaa karibu na mimi saa nne, akatazama kiputo, akatazama meza, akanyanyua kikombe changu cha chai na kukipeleka dirishani. Kiputo kikatulia.

"Joto," akasema. "Hewa ikipata joto inapanuka. Ulikuwa unapima chai."

Kwa hivyo vijana: hakuna chai mezani, hakuna jua la dirishani, na msipumulie mrija. Mimi nilikuwa nasogeza uso karibu ili nione vizuri, na kumbe pumzi yangu ndiyo ilikuwa inakikimbiza.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo nataka mlishike kuliko yote. Alisema sifuri ndiyo namba ya kushuku kwanza. Kiputo kikisimama kabisa, usishangilie. Angalia kama bomba limejikunja, kama mpira umebanwa sana, kama chupa ya juu imeisha maji. "Saa iliyosimama," aliniambia, "haijapumzika. Imeharibika."

Sasa nirudi kwa Mzee Wanyonyi, maana alirudi mwenyewe.

Lile jino lake tulilolipuliza lilikuwa zima ila ufizi uliliacha, likalegea, na akang'olewa kwenye kliniki moja Bungoma iliyokuwa inatukusanyia meno. Alikubali litumike, akatia sahihi, likaja Kitale ndani ya chupa namba arobaini na moja. Lilikuwa jino zuri, sina budi kusema. Karanja alilikata vipande viwili safi. Cha pili tulikipaka dawa C, na kilikuwa kipande bora kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Kilikuwa kimepita mswaki, kimepita machungwa mara mbili, na bado kiputo kilikuwa kinatambaa kama konokono. Kilibaki kipimo cha mwisho tu.

Siku hiyo hiyo ya kipimo, mlango ukafunguka. Mzee Wanyonyi. Koti lile lile, gambuti zile zile, lakini kichwa kimefungwa skafu ya mkewe, na shavu limevimba kiasi kwamba jicho la upande ule lilibaki mstari.

"Mwanangu," akasema kupitia upande wa mdomo usiovimba, "nimekuja kuchukua jino langu."

Daktari Wambui alitoka kliniki ya mbele, akamtazama mara moja tu, akaacha hata kusalimia. "Mzee, hiyo jino ya pili imetunga usaha. Inafaa itoke. Huu uvimbe ukishuka shingoni utakuziba pumzi. Naongea mambo ya kufa, mzee."

"Sitoi nyingine mpaka nirudishiwe ya kwanza."

"Kwa nini?"

Akakaa. Ikawa hivi. Walikuwa kwenye mazishi huko Matulo, na rika lake mmoja anaitwa Kundu, aliyetahiriwa naye mwaka mmoja, na kwa hivyo ana ruhusa ya kumwambia chochote, alimuuliza mbele ya watu: "Wanyonyi, ati jino lako liko wapi?" Akasema liko Kitale, linafanyiwa utafiti. Kundu akasema, "Bana, siku ya parapanda wewe utainuka hapa Matulo, na jino lako litainukia Kitale kwa mashamba ya wenyewe. Litauliza nani njia?" Watu wakacheka mpaka mhubiri akanyamaza. Mzee hakulala siku tatu. Alikuwa analiona jino limesimama peke yake kando ya barabara, halijui mtu.

Daktari akamwonyesha fomu kwa upole. "Lakini mzee, ulitia sahihi. Hii hapa."

"Nilitia nikiwa na ile sindano ya ganzi. Nusu ya kichwa haikuwepo."

Daftari langu, nililolijaza kutoka karatasi za ile kliniki, linasema alitia sahihi kabla ya sindano. Niliona si wakati wa kusoma daftari.

Daktari alinivuta pembeni. Kipande namba arobaini na moja kingetolewa, kipimo cha dawa C kingebaki bila mwisho, na miezi ya kazi ingekwenda. Lakini shavu lile lilikuwa linamtisha. Akarudi mbele kutafuta dawa za kumpunguzia uvimbe, na mimi nikabaki peke yangu na mzee na rafu ya chupa.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo sitalipamba. Nilimwonea huruma mzee, na nikaionea huruma kazi, na hizo huruma mbili zikanipa wazo baya. Nilichukua chupa namba thelathini na nane, jino zima ambalo halijakatwa, gego kama lake, nikalisuuza, nikamwekea kwenye kiganja. "Hili hapa, mzee."

Alilipeleka kwenye mwanga. Akaligeuza. Halafu, kabla sijamzuia, akafungua mdomo upande ule mzuri, akalitia kwenye pengo, na kujaribu kufunga meno.

Akalitoa.

"Hii haijawahi kuishi kwangu," akasema. "Hii imekula laini. Hii ni ya mwanamke."

Na ilikuwa ya mwanamke. Mama mmoja wa Kimilili, ambaye popote alipo namwomba msamaha. Sampuli ile iliharibika kabisa, na niliandika ripoti nikieleza kwamba iliharibikia mdomoni mwa mtu. Daktari alinirudishia ripoti akiuliza kama nina hakika na neno hilo. Nilikuwa na hakika.

Nikamwambia mzee ukweli. Nikamwambia jino lake limekatwa. Akauliza kama mtu anayeuliza habari za ng'ombe aliyepotea: "Vipande vingapi?"

Karanja akamletea kila kitu kwenye sinia, maana Karanja hatupi hata skrubu. Kichwa cha jino. Mizizi miwili. Kipande cha kwanza, kikavu kwa kuwa kazi yake iliisha. "Na cha pili kiko pale kwenye mashine, kinafanya kazi."

Mzee akavipanga kwenye kitambaa. "Na unga? Mlipokata, si kulikuwa na unga?"

Karanja, sijui kwa nini, akaenda kuleta na kile kitako cha mashine chenye tope jeupe. "Unga ni huu. Lakini mzee, hapa kuna watu kumi na wawili."

"Wa wapi?"

"Wa Bungoma. Kimilili. Wengine wa hapa Kitale."

"Ni Wakristo?"

"Hatukuuliza."

Mzee alilisukuma lile tope kando. "Unga bakini nao," akasema. "Mungu atajua kuchambua. Lakini hicho cha kwenye mashine nakitaka."

Nikamwomba kitu kimoja. Nikamwambia, kuka, yaani babu, maana wakati huo nilikuwa nimeshaanza kumwita hivyo, kipande kimebakiza kipimo kimoja. Nusu saa. Kaa uone jino lako linavyofanya kazi, halafu uamue. Daktari alisimama mlangoni na vidonge mkononi, ananitazama kama mtu anayetazama jirani akipanda juu ya paa.

Mzee akasogeza kiti. Nikamweleza kiputo. Nikamwambia kabla ya dawa kilikuwa kinakimbia kutoka huku mpaka kule, namba yake iko hapa. Akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa, sitaki kusema kingine. Nikafungua maji.

Kiputo hakikusogea.

Tulikaa. Nje mvua ya mawe ilikuwa inagonga mabati. Mzee alikuwa ameinama, skafu inakaribia mrija. Kiputo kilikaa pale pale kwenye mstari wa rula kama kimechorwa. Polepole, ule upande wa uso wake usiovimba ukaanza kufunguka.

"Ngapi hiyo?" akauliza, ingawa aliona.

Karanja alinitazama kupitia kile kioo chake cha kukuza, jicho kubwa kama la bundi. Nilijua anasema nini. Sema sifuri, mama. Sema sifuri, mzee afurahi, jino lake halijatikisika, atoe hili bovu aende nyumbani mzima. Na ni Karanja huyu huyu aliyenifundisha nisiiamini sifuri. Nafikiri hata yeye aliona anajipinga, ila shavu lile lilikuwa mbele yetu.

Mimi si mtu jasiri. Lakini mkono wangu ulikuwa umezoea. Ulienda wenyewe kwenye bomba, na nikakuta kweli limejikunja kidogo chini ya meza, pale mzee alipovutia kiti. Nikalinyoosha.

Kiputo kikaamka. Kikatambaa. Kidogo sana, lakini kikatambaa, mstari mmoja, halafu nusu ya mstari mwingine, na muda ukaisha.

"Moja na nusu," nikasema.

Nilisikia Karanja akipumua kwa pua. Nilifikiri, umemuua huyu mzee kwa ajili ya nusu ya mstari.

Mzee Wanyonyi aliendelea kutazama mrija.

"Sasa," akasema mwishowe, "hii jino. Imekatwa. Imepigwa msasa. Imemwagiwa asidi. Machungwa mara mbili. Imepakwa dawa yenu nzuri kabisa."

"Ndiyo, kuka."

"Na bado imesema moja na nusu. Mbele ya watu."

"Imesema."

Akaegemea kiti. Akafungua skafu polepole, kama mtu anayevua kofia kanisani.

"Andika," akaniambia. "Siku ile ya Bungoma. Ilikuwa tisa. Ulipopuliza mara ya pili, nilimwona marehemu mama yangu, kwa hivyo andika kumi. Na hii ya leo," akagusa shavu kwa kidole kimoja, "hii haina namba kwenye fomu yako. Hii muulize yule mama aliyesema kumi na tano." Kumbe siku ile naye alibaki kwenye benchi akisikia kupitia dirisha. "Daktari, leta hizo dawa. Lakini Kundu asisikie."

Alipewa dawa za kupunguza uvimbe, akalala kwa mpwa wake hapa Kitale, na siku ya tatu Daktari Wambui akamng'oa. Mimi nilishika taa. Kabla jino halijafika kwenye sinia, kiganja cha mzee kilikuwa tayari kimefunguliwa chini yake. "Hii haifanyi utafiti," akasema kwa mdomo uliojaa pamba. "Hii inaenda nyumbani."

Nilirudi kwenye fomu ya Bungoma kuandika ile kumi. Daktari akanizuia. Alisema jibu haliwezi kubadilishwa baada ya miezi, hata likiwa la kweli, hiyo ndiyo sheria ya kazi. Nilikubali, lakini lilinisumbua. Kwa hivyo niliiandika humu kwenye daftari langu, ambalo halina sheria: Mzee Wanyonyi, kumi.

Kipande namba arobaini na moja kilimaliza kazi yake, na kilipomaliza nilikipeleka Matulo mwenyewe pamoja na vingine, ndani ya kikopo cha ugoro kilichooshwa, na nikavihesabu mbele yake. Tangu wakati huo Daktari aliongeza mstari kwenye fomu: mtu akitaka jino lake lirudishwe baada ya kazi, litarudishwa, hata likiwa vipande. Mtauona huo mstari. Mtafikiri ni wa wanasheria. Ni wa Kundu.

Mzee bado yupo. Kikopo kiko juu ya redio, na mgeni akija anafunguliwa. "Hii," anaambiwa, "imefanya kazi Kitale." Kundu naye, nasikia, alianza kuulizia kama tunachukua meno ya wazee.

Sasa mna mashine mpya inayoona vijitundu vyenyewe, vikubwa kama vikombe kwenye kioo cha kompyuta, na nasikia kiputo kitawekwa kabatini. Sipingi. Sijui kama nilikuwa mfanyakazi mzuri. Nilipima chai, nilimtia mzee jino la mama wa watu mdomoni. Ila mkiona sifuri, hata kwenye hiyo mashine mpya, angalieni chini ya meza kwanza.

Mvua imeacha. Mashati hayajakauka. Leo jioni tumekula mahindi mabichi ya kuchemsha, gunia dogo lililotoka Matulo kwa mtu ninayeweza kumkisia, halafu ugali wa wimbi na mboga ya mrenda, na maziwa lala, yale ya mgando, yaliyokaa nje kwenye baridi hii tangu asubuhi. Baba Sitati alikunywa funda moja, akasimamisha kikombe hewani, na mguu wake wa kulia ukainuka kutoka sakafuni.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Sifuri," akasema.

Nimeandika sifuri, kwa sababu ndivyo alivyosema. Na pembeni: machozi, macho yote mawili.